Msuluhishi Asiye na Jeshi: Seán Lester na Migogoro ya Miaka ya 1930

Tarehe 25 Juni 1933, katika mji mdogo wa Leticia ukingoni mwa mto Amazon, kikosi kidogo cha askari wa Colombia kilivaa vitambaa vya mkononi vyenye herufi za Shirikisho la Mataifa. Kuanzia siku hiyo amri zao hazikutoka tena Bogotá. Zilitoka kwa makamishna watatu, Mmarekani, Mbrazili na Mhispania, waliokuwa wakiutawala mji chini ya bendera nyeupe yenye jina la tume yao. Watu wa Peru, waliokuwa wameuteka mji huo karibu miezi kumi kabla, waliondoka. Ilipofika Juni 1934 tume ilifunga kazi, mji ukarudi kwa Colombia, na vita vilivyokwisha kuanza kuwaka kati ya nchi hizo mbili vikazimika.

Kamati iliyobuni njia hiyo iliongozwa na Mwairishi mmoja mpole, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mwanadiplomasia. Jina lake Seán Lester. Wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa Danzig, mji ambako Wanazi walimdhalilisha hadi akaondolewa, au kwa kuwa Katibu Mkuu wa mwisho wa Shirikisho la Mataifa, aliyelifunga mwaka 1946. Yaani hukumbukwa kwa kushindwa na kwa mazishi. Kumbukumbu hiyo imepungukiwa. Ukizipanga kazi zake zote za miaka ile mezani, Leticia, Chaco, Silesia ya Juu, Danzig, na ile miaka ya upweke Geneva, unapata jibu la swali linalowahusu wote wanaoombwa kupatanisha mataifa hata sasa: mtu asiye na jeshi, anayetoka nchi isiyotisha, anaweza nini mbele ya ugomvi wa wakubwa na wadogo?

Tuanze na alikotoka, maana hapo pana ufunguo. Lester alizaliwa mwaka 1888 karibu na Carrickfergus, katika jimbo la Antrim, mtoto wa mwenye duka la vyakula, Mprotestanti wa dhehebu la Methodisti. Watu wa dini yake na eneo lake wengi walitaka kubaki chini ya Uingereza. Yeye alijifunza lugha ya Kiairishi, akaingia katika harakati za kudai uhuru, zikiwemo za siri. Alifanya kazi katika magazeti, akapanda hadi kuwa mhariri wa habari wa Freeman's Journal huko Dublin. Nchi ilipopata uhuru wake nusu, mpaka ulichorwa mwaka 1921, na Antrim ikabaki upande wa pili, chini ya Uingereza. Mtu huyu aliyekuja kupima mipaka ya wengine alikuwa amekatiwa nyumba ya wazazi wake na mpaka. Alijua, bila kufundishwa na kitabu, kwamba watu wengi katika mji wanaweza kutaka jambo moja, sheria ikasema jingine, na kwamba jirani yako anaweza kuwa na hofu ya kweli hata pale unapodhani hana haki.

Aliingia wizara ya mambo ya nje mwaka 1923, akaanzia kitengo cha habari. Mwaka 1929 alipelekwa Geneva, yalikokuwa makao ya Shirikisho, kuwa mwakilishi wa kudumu wa Ireland, na mwaka uliofuata Ireland ikachaguliwa kuingia katika Baraza la Shirikisho kwa miaka mitatu. Hapo ndipo nchi hii ndogo ilipopata nafasi. Uingereza, Ufaransa, Italia, Ujerumani na Japani zilikuwa na viti vya kudumu katika Baraza, lakini kila ugomvi ulipozuka, moja kati yao ilikuwa na mkopo, mgodi, meli au rafiki katika upande mmojawapo. Ukitafuta wa kupima mpaka wa mashamba mawili, humwiti mwenye shamba la tatu linalopakana nayo. Ireland haikuwa na shamba popote. Ndiyo maana mafaili ya migogoro yaliangukia meza ya Lester moja baada ya jingine.

Leticia kwanza. Mkataba wa mwaka 1922 ulikuwa umeipa Colombia kipande cha ardhi kinachofika mto Amazon, na Peru ilikikabidhi mwaka 1930. Watu wa jimbo la Loreto upande wa Peru hawakuukubali mkataba huo moyoni. Waliona mji wao umeuzwa na wanasiasa wa Lima. Tarehe 1 Septemba 1932 kundi la raia na askari wa Peru liliuvamia mji. Serikali ya Lima ilisita kidogo, kisha ikasimama nyuma ya wavamizi. Colombia haikuwa na barabara ya kuvuka milima ya Andes hadi kule. Ili kuufikia mji wake yenyewe, ilibidi ikusanye meli baharini, izipitishe Atlantiki na kuzipandisha mto Amazon hadi ndani ya bara. Mwanzoni mwa 1933 meli hizo zilikuwa zimefika, na mapigano yakaanza.

Baraza liliunda kamati ya nchi tatu, Ireland, Hispania na Guatemala, Lester akiwa mwenyekiti. Mwezi wa Februari kamati ilipendekeza jambo ambalo halikuwahi kufanywa: tume ya Shirikisho iushike mji kwa muda kwa jina la Colombia, na askari wa Colombia watakaolinda usalama wahesabiwe kuwa askari wa kimataifa. Colombia ilikubali. Peru ilikataa. Tarehe 18 Machi 1933 Baraza likapitisha ripoti iliyosema wazi kwamba Peru iondoke Leticia, na mjumbe wa Peru akatoka nje ya ukumbi.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Aprili, Rais Luis Sánchez Cerro wa Peru aliuawa kwa risasi mjini Lima baada ya kukagua gwaride la vijana walioandikishwa jeshini. Aliyeshika nafasi yake, Jenerali Óscar Benavides, alikuwa akifahamiana na mwanasiasa mkuu wa Colombia, Alfonso López, ambaye alisafiri hadi Lima kuzungumza naye. Tarehe 25 Mei mapatano yalitiwa saini Geneva.

Wapo wanaosema kwamba kilichomaliza ugomvi ni ile risasi ya Lima na urafiki wa watu wawili, wala Geneva haikufanya kitu. Sikubaliani nao. Benavides alitaka kutoka vitani, ndiyo, lakini rais mpya wa nchi iliyojaa hasira hawezi kumrudishia adui mji na kuendelea kukaa ikulu. Alihitaji mlango wa kutokea ambao hauonekani kuwa wa kusalimu amri. Mlango huo ulikuwa umekwisha tengenezwa mwezi Februari: mji haukabidhiwi kwa Colombia, unakabidhiwa kwa tume ya dunia, nayo baada ya mwaka itaukabidhi. Kila upande ungeweza kurudi nyumbani na kusema haukuinama. Kazi kubwa ya msuluhishi ndiyo hii. Si rahisi kumgeuza mtu moyo, lakini unaweza kumwandalia mlango mapema, ukauacha wazi, hata kama leo anaupita bila kuutazama.

Kamati ileile, wajumbe walewale, mwenyekiti yuleyule, ilikabidhiwa pia vita vya Chaco kati ya Bolivia na Paraguay. Huko ilishindwa kabisa. Vita hivyo vya nyika kame, vilivyopiganwa kuanzia 1932 hadi 1935, viliua watu wanaokaribia 100,000, wengi wao kwa kiu na maradhi. Tofauti haikuwa katika akili ya Lester. Washington ilikuwa na kamati yake ya nchi tano zisizofungamana na upande wowote. Majirani, Argentina, Brazil, Chile na Peru, walikuwa na juhudi zao. Geneva ikaongeza zake, ikatuma tume hadi mstari wa mbele mwishoni mwa 1933. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: upande uliokuwa ukishinda wiki hiyo ulikwepa msuluhishi mmoja kwa kumkimbilia mwingine. Mapigano yalikoma Juni 1935 chini ya upatanishi wa Buenos Aires, wakati pande zote mbili zilikuwa hoi. Waziri wa mambo ya nje wa Argentina, Carlos Saavedra Lamas, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1936.

Ni Mei 1933 hiyohiyo iliyoleta faili ambalo haliandikwi sana, nami naliona kuwa mojawapo ya kazi bora za maisha ya Lester. Katika Silesia ya Juu, eneo lililogawanywa kati ya Ujerumani na Poland, kulikuwa na mkataba wa mwaka 1922 uliolinda jamii za watu wachache za pande zote kwa miaka 15. Mkataba ulikusudiwa kuwalinda Wajerumani walioangukia Poland na Wapoland walioangukia Ujerumani. Myahudi mmoja, Franz Bernheim, aliyefukuzwa kazi dukani kwa sababu ya asili yake baada ya Hitler kushika madaraka, aliupeleka Geneva. Alisema: mkataba huu unasema watu wote wa eneo hili ni sawa mbele ya sheria, na sheria mpya za Ujerumani zinaniondolea haki hiyo.

Mwandaaji wa ripoti ya Baraza kuhusu mambo ya jamii za watu wachache alikuwa Lester. Ujerumani ilipinga kwamba Bernheim hakuwa na uhusiano wa kutosha na eneo hilo, na kwamba hakuwa na haki ya kulalamikia sheria ambazo hazijamgusa yeye binafsi. Lester hakuingia katika mabishano ya siasa za Ujerumani. Aliweka maneno ya mkataba upande mmoja na maneno ya sheria za Berlin upande wa pili, akaonyesha kwamba hayapatani. Kamati ya wanasheria iliona Bernheim ana haki ya kulalamika, na tarehe 6 Juni 1933 Baraza likapitisha ripoti. Ujerumani haikupiga kura, lakini haikuweza kuizuia. Matokeo yake, Wayahudi wa sehemu ile ya Ujerumani waliepushwa na sheria za ubaguzi zilizowakandamiza ndugu zao kwingineko, hadi mkataba ulipokwisha muda wake Julai 1937. Miaka minne ni michache. Kwa familia iliyohitaji muda wa kuuza duka, kutafuta viza na kuvuka bahari, miaka minne inaweza kuwa uhai wote.

Mwaka mpya wa 1934 ukamkuta Danzig.

Danzig ilikuwa mji wa bandari wenye watu kama 400,000 pamoja na vitongoji vyake, karibu wote wasemaji wa Kijerumani, ambao Mkataba wa Versailles uliutenga na Ujerumani bila kuutia ndani ya Poland. Ukawa Mji Huru. Poland ilipewa haki za bandari, reli, posta na forodha, na kuuwakilisha mji nje ya nchi. Katiba ya mji iliwekwa chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na Shirikisho likaweka Kamishna Mkuu wa kukaa palepale, akiwa mwamuzi wa kwanza wa ugomvi wowote kati ya mji na Poland. Ugomvi haukukosekana. Mwaka 1925 pande hizo mbili zilifikishana hadi Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa kwa sababu ya masanduku ya barua ambayo Poland iliyatundika mitaani.

Lester aliposhika kazi hiyo Januari 1934, mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Wanazi walikuwa wameshinda uchaguzi wa Mei 1933 kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura, wakapata viti 38 kati ya 72. Na tarehe 26 Januari 1934, siku chache tu baada ya yeye kuwasili, Ujerumani na Poland zilitia saini mapatano ya kutoshambuliana. Hili la pili ndilo lililomwondolea ardhi miguuni. Kazi ya Kamishna ilijengwa juu ya ugomvi wa Poland na Danzig. Sasa Warszawa na Berlin zilitaka kumaliza mambo yao pembeni bila Geneva kujua. Kilichobaki mikononi mwa Lester kilikuwa ile dhamana ya katiba: kuwalinda Wasoshalisti, Wakatoliki wa chama cha Kati, Wayahudi, wahariri na wapinzani wote dhidi ya serikali ya mji wao wenyewe. Hapo hakuwa tena msuluhishi kati ya mataifa mawili. Alikuwa shahidi aliyekaa nyumba moja na mkosaji.

Alianza kwa matumaini, na hapa ndipo ninapomwona alikosea kidogo. Alidhani rais wa Seneti ya mji, Hermann Rauschning, aliyekuwa na lugha ya kiasi, angeweza kukizuia chama chake. Rauschning alisukumwa nje Novemba 1934, Arthur Greiser akachukua nafasi yake, na nyuma ya Greiser alisimama Albert Forster, mkuu wa chama aliyepokea maagizo yake kwa Hitler. Kuanzia hapo Lester hakujidanganya tena. Ripoti zake Geneva zilitaja mambo kwa majina: magazeti yaliyofungiwa, watu waliopigwa, mikutano iliyovunjwa, watumishi waliofukuzwa.

Katika uchaguzi wa Aprili 1935 Wanazi walitaka theluthi mbili za viti ili waibadilishe katiba kwa njia ya halali. Walitumia redio, fedha, vitisho na mawaziri wa Berlin waliokuja kuhutubia. Walipata viti 43, na walihitaji 48. Naliona jambo hili kuwa ushahidi mkubwa kwamba kuwapo kwa Kamishna kulikuwa na maana: mahali pengine Wanazi walipotawala, baada ya miaka miwili hakukuwa na uchaguzi wa kushindwa. Danzig bado ulikuwapo, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandikiwa malalamiko.

Agosti 1935 Seneti ilitoa amri za jinai zilizomruhusu hakimu kumwadhibu mtu kwa kitendo kisichokatazwa na sheria yoyote, mradi hakimu aone kwamba hisia safi za wananchi zinataka aadhibiwe. Soma tena sentensi hiyo, na ujiulize nani angelala usingizi katika mji wenye sheria kama hiyo. Suala lilifika Geneva, likapelekwa mahakamani The Hague, na tarehe 4 Desemba 1935 majaji walitoa maoni kwamba amri zile zinapingana na katiba ya Danzig, kwa sababu raia lazima aweze kujua mapema ni lipi linaloadhibiwa. Maneno ya majaji hao yangeweza kuandikwa katika hukumu ya mahakama yoyote leo.

Ushindi wa mahakamani uliwaudhi Wanazi kuliko hotuba yoyote. Kisingizio walikuwa nacho tayari. Agosti ileile ya 1935 manowari ya Kijerumani Admiral Scheer ilikuwa imetembelea Danzig, na katika tafrija aliyowaandalia maofisa wake, Lester aliwaalika pia wanasiasa wa upinzani, kama ilivyostahili kwa Kamishna wa mji wa vyama vingi. Wanazi walichukia. Mwishoni mwa Juni 1936 ikaja manowari nyingine, Leipzig. Desturi ilimtaka nahodha aende kumsalimu Kamishna Mkuu. Nahodha hakwenda, kwa amri ya Berlin. Asiyejua mambo ya heshima za kidiplomasia anaweza kuliona hili kuwa dogo. Kwetu pwani tunajua maana yake: mgeni akiingia mjini akapita mlangoni kwa mzee bila hodi, akaenda moja kwa moja kwa mtoto mkorofi wa nyumba ile, ujumbe umefika mtaa mzima kabla jua halijatua.

Baraza likaitishwa. Wiki ile Geneva iliona mambo ambayo ni vigumu kuamini kwamba yalitokea katika siku tano. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Mkutano Mkuu kueleza jinsi Uhabeshi ulivyomwagiwa gesi ya sumu na Italia, huku waandishi wa Kiitalia wakipiga miluzi. Tarehe 3 Julai mwandishi wa Kiyahudi kutoka Chekoslovakia, Stefan Lux, alijipiga risasi ndani ya ukumbi ili dunia iangalie mateso ya Wayahudi wa Ujerumani. Tarehe 4 Julai Mkutano Mkuu ulipendekeza vikwazo dhidi ya Italia viondolewe. Na siku hiyohiyo, mbele ya Baraza, Greiser alidai kwamba Kamishna Mkuu aondolewe au kazi yake ifutwe. Alipomaliza alipiga saluti ya Kinazi, na waandishi wa habari walipocheka akawafanyia ishara ya dhihaka, kidole gumba puani. Lester alikuwapo.

Anthony Eden wa Uingereza aliongoza kikao. Suala la Leipzig likakabidhiwa Poland ilizungumze na Berlin, na Berlin ikajibu kwamba haikukusudia kuvunja heshima ya mtu. Basi. Huko Danzig polisi walizingira nyumba ya Lester, na waliotaka kwenda kumwona wakaogopa. Wakubwa hawakutaka vita kwa ajili ya Danzig mwaka 1936, na ukimya wa Kamishna ungewasaidia sana. Yeye hakunyamaza. Ndipo likapatikana suluhisho la kiungwana: apandishwe cheo. Alichaguliwa Naibu Katibu Mkuu wa Shirikisho, akaondoka, na nafasi yake akapewa Mswisi Carl Burckhardt, ambaye alipewa maelekezo ya kutoingilia sana mambo ya ndani. Vyama vya upinzani vilipigwa marufuku kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikiwa chama cha Kati Oktoba 1937.

Wapo waliosema wakati ule, hasa London na Warszawa, kwamba Lester alikuwa mgumu mno, kwamba mtu laini angedumu zaidi. Jibu lilikuja lenyewe. Mtu laini alipelekwa, na alfajiri ya tarehe 1 Septemba 1939 manowari Schleswig-Holstein ilifyatua mizinga yake ya kwanza Westerplatte, ndani ya bandari hiyohiyo ya Danzig, na Forster akamwamuru Burckhardt aondoke mjini. Ulaini haukununua kitu. Tunachoweza kumlaumu Lester ni kwamba hakuwa na manowari, na lawama hiyo haimhusu.

Kwa hiyo ukilinganisha mafaili yake unaona kwamba ustadi ulikuwa uleule, mtu yuleyule, hata miezi ileile. Leticia ilifaulu kwa sababu pande zote mbili zilifika mahali pa kutaka kutoka, na mlango ulikuwapo. Silesia ilifaulu kwa muda kwa sababu kulikuwa na maandishi yenye saini ya Ujerumani, na Hitler wa 1933 bado aliona haya au hofu. Danzig kulikuwa na maandishi, mahakama na Kamishna, lakini upande mmoja haukutaka suluhu kabisa. Ugomvi wenyewe ndio uliokuwa chakula chake. Kwa upande kama huo, usuluhishi unahitaji mtu mwenye nguvu asimame nyuma ya msuluhishi, na wenye nguvu walikuwa wametoka ukumbini. Shirikisho liliundwa ili dunia iachane na kanuni ya mwenye nguvu mpishe. Mwaka 1936 wenye Shirikisho wenyewe walisimama kando ya njia, wakampisha.

Hadithi ya Geneva ni fupi, ila ina uzito. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, Katibu Mkuu Joseph Avenol, Mfaransa, alianza kuwaza jinsi ya kuiingiza taasisi katika Ulaya mpya ya Hitler na Pétain. Naibu wake alimpinga waziwazi. Avenol aliondoka mwishoni mwa Agosti, na Lester akabaki na funguo. Idara ya uchumi ilikwisha hamia Princeton, nyingine zikaenda Washington na London. Shirika la Kazi lilikwenda Montreal, na muda mfupi baadaye likawa chini ya Mwairishi mwingine, Edward Phelan. Lester alikaa katika Palais des Nations, jengo kubwa lililojengwa kwa ajili ya mataifa yote, akiwa na wafanyakazi kama 100 waliokusanyika katika sehemu ndogo, Uswisi ikiwa imezungukwa na majeshi ya Mhimili pande zote. Mke wake na binti zake watatu walikuwa Ireland. Alilinda kumbukumbu, takwimu, fedha na jina, ili vita vikiisha kuwe na kitu cha kukabidhi.

Na kitu hicho kilituhusu. Tanganyika na Ruanda-Urundi zilitawaliwa kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kila mwaka Uingereza na Ubelgiji zililazimika kupeleka ripoti Geneva na kuhojiwa. Tume iliyozihoji ilikaa kwa mara ya mwisho Desemba 1939. Kwa miaka sita iliyofuata hakuna aliyeuliza. Shirikisho lingekufa kimyakimya mwaka 1940, kama Avenol alivyoelekea, wakoloni wangeweza kudai kwamba dhamana imekufa nalo. Katika Mkutano Mkuu wa mwisho, Aprili 1946, Lester akiwa Katibu Mkuu, lilipitishwa azimio lililotambua nia iliyotangazwa na nchi zenye dhamana ya kuendelea kutawala kwa masharti yale hadi zipatane na Umoja wa Mataifa kuhusu mpango mwingine. Tarehe 13 Desemba 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ni katika Baraza la Udhamini la umoja huo, New York, tarehe 7 Machi 1955, Julius Nyerere alipokwenda kusema kwa niaba ya TANU. Sisemi kwamba Lester aliikusudia safari hiyo. Nasema mlango ulibaki wazi kwa sababu kuna watu walikataa kuufunga.

Alistaafu akaenda kuishi Recess, magharibi mwa Ireland, akivua samaki, na akafariki Galway mwaka 1959. Greiser alinyongwa Poznań mwaka 1946 kwa makosa yake ya wakati wa vita. Danzig sasa ni Gdańsk, na mwaka 2010 chumba kimoja katika ukumbi wa mji huo kilipewa jina la Lester. Leticia hadi leo ni mji wa Colombia, na mpaka wa 1922 uko palepale.